Kabane, Melo na Nyonga ya Mavyaa

Habari iliyoenea Chundwa, wanangu, na ambayo bila shaka imeshavuka maji ikafika Amu kabla ya mashua ya asubuhi, ni kwamba Bi Esha amevunja mtungi wa siki wa mkaza mwanawe makusudi. Wengine wanasema ni wivu. Wengine wanasema ni uzee. Jirani yangu mmoja, ambaye achari yangu ameila bure miaka na miaka, anasema nimeingiwa na kitu na yafaa nisomewe. Salma mwenyewe, mke wa mwanangu Swaleh, hanisemeshi tangu Jumatatu. Ananiwekea chai, anageuka, anaondoka. Na chai yenyewe haina sukari.

Sikatai. Mtungi nimeuvunja, na nimeuvunja kwa kukusudia. Lakini hamwezi kunihukumu kabla hamjaijua kazi ya siki, na nyinyi vijana wa siku hizi siki mnaijua kwa chupa ya dukani, ile nyeupe inayonuka kama dawa ya kuoshea sakafu. Basi kaeni, niwaeleze. Nimeifanya kazi hii tangu nilipoolewa mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Siku niliyostaafu hapakuwa na sherehe wala hotuba. Niliangusha kopo la pilipili, mwanangu akasema, "Mama, kaa sasa," nikakaa. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kutoa maoni ambayo hayajaombwa na mtu.

Siki ya zabibu ina kisirani kimoja. Unapokamua zabibu, yale maji ni halali, mnywesheni hata mtoto. Siki ikishaiva ni halali, na ni kitoweo cha watu wema. Lakini katikati pana kipindi ambacho yale maji yanatokota yenyewe bila moto, yanapanda povu, yanakuwa ulevi mtupu. Yaani mtungi uko jikoni mwako, hatua chache kutoka kwenye msala wako wa kuswalia, na ndani yake mna kitu usichokigusa kwa ulimi hata ukiambiwa ni dawa. Nimeitumikia kazi ambayo mpishi anakatazwa kuonja chungu chake mwenyewe.

Marehemu Mwalimu Shee, aliyetusomeshea watoto wetu Kurani chuoni, alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hili, na alilirudia mpaka kuku wakalijua. Ikigeuka yenyewe imetoharika. Ukiitia kitu kuisaidia igeuke, iwe chumvi, iwe kipande cha mkate, iwe hata siki nyingine iliyokwisha kuiva, imeharibika yote, ukaimwage. Kuitoa kivulini ukaiweka juani, ruhusa. Kuitia kitu, hapana. Mkitaka hoja na vitabu vyake nendeni kwa walimu wenu, mimi ni mtu wa mitungi.

Sasa mwenye akili ataniuliza: Bi Esha, utajuaje imegeuka, na huonji mpaka igeuke? Hapo ndipo ilipo kazi. Kwanza pua. Ulevi una harufu inayokubembeleza, siki ina harufu inayokupiga kofi. Kisha vile vijidudu vidogo vinavyozunguka matunda yaliyooza: vikijaa juu ya kitambaa, mambo yameanza. Kisha sikio. Weka sikio ubavuni mwa mtungi. Ukisikia unanong'ona, rudi ukafue nguo, bado. Siki iliyoiva haina la kusema. Mwisho ni jiwe la tumbawe: chota tone moja kwa kijiti, liangushie juu ya jiwe, mbali na mtungi. Likikaa kimya au likitoa kapovu ka aibu, ngoja. Likichemka kwa hasira, piga bismillahi uonje.

Jiwe ni shahidi mzuri, lakini si mkweli siku zote. Hili mliweke akilini.

Nije kwenye zabibu. Mizabibu tuliyo nayo Chundwa ni ya aina mbili, na asili ya yote miwili ni bustani ya Mzungu mmoja wa Shela, ambaye ami yangu Bakari alikuwa mtunza bustani wake. Mzungu yule alikuja na ndoto ya kutengeneza divai. Alipanda aina mbili za zabibu nyekundu, akazitundikia vibati vyenye majina, na ami akayasoma alivyoyaona: Kabane na Melo. Kila msimu Mzungu alikamua, akafunika, akangoja, na kila msimu joto la Shela likamgeuzia pipa zima likawa siki. Alilia, maskini ya Mungu. Yeye alitaka ulevi akapata siki, na sisi tunaotaka siki tunakosa usingizi kwa kuogopa ulevi. Mwisho akauza nyumba akaenda zake, na ami akazigawa pingili za mizabibu kwa kila aliyepita. Ya Kabane aliichukua mzee mmoja wa Chundwa aliyekuwa Amu kwa shughuli zake. Ya Melo alinipandia mimi ndani ya kopo la maziwa.

Tunda la Kabane ni dogo, jeusi, ngozi nene, na kokwa zake ni kubwa kuliko adabu. Maji ni machache. Ukilitafuna utapata ukakasi, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani kama uliyeuma bibo bichi. Tunda la Melo ni kubwa kidogo, ngozi nyembamba, linaiva mapema, na kunguru wanajua limeiva kabla yako. Ni laini, tamu, na lina harufu ya zambarau.

Siki zao zimefuata wazazi. Siki ya Kabane inaingia kwa ukali, inakaza pande zote mbili za ulimi, kisha ukakasi unabaki kooni hata wali umekwisha na sahani zimeoshwa. Ina mifupa. Siki ya Melo ni nyama tupu: inaingia kwa upole, inajaza mdomo, halafu inaaga na kuondoka bila kufunga mlango. Kwa hiyo Kabane ni ya achari ya maembe mabichi, ile ya kukaa, na ya nyama yenye mafuta. Melo ni ya kachumbari, ya vitunguu, ya samaki wa kukaanga. Mimi niliyajua haya kwa kukosea. Niliwahi kutia Kabane kwenye kachumbari ya hitima, wazee wakaitikia amina kwa midomo iliyokunjamana, mgeni mmoja akadhani wanampigia mbinja. Na niliwahi kutia Melo kwenye achari ya maembe nikampelekea dada yangu Amu. Ilipofika ilikuwa uji. Dada aliinywa kwa kijiko, akanitumia salamu kwamba ni nzuri kwa wagonjwa.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo kiini cha kesi yangu: Melo kwa utamu wake huzaa ulevi mwingi, na ulevi mwingi hukawia kugeuka. Kabane hutangulia. Mitungi miwili iliyojazwa siku moja haiivi siku moja.

Nilipoolewa Chundwa nilishuka Mtangawanda na sanduku la nguo mkono mmoja na lile kopo la maziwa mkono wa pili. Pale gatini nikateleza. Ilibidi niachie kimoja, nikaliachia sanduku. Nguo ziliopolewa zote zimekuwa rangi moja, rangi ambayo haina jina, na ndizo nilizovaa fungate yangu. Lakini Melo hakupata hata tone la maji ya chumvi. Mwaka ule ule baba yangu akafariki, nyumba yetu ya Amu ikauzwa, na kilichobaki cha kwetu kikawa ule mzabibu. Niliupenda kuliko inavyompasa mtu kupenda mti. Sioni haya kusema.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu Athmani, aliitwa Bi Tuma. Yule mzee aliyechukua pingili ya Kabane alikuwa mumewe. Bi Tuma alikuwa mwanamke mrefu, mpana, mwenye nyonga ambayo ikipita mlangoni lazima ipite upande upande. Ndiye aliyekuwa fundi wa siki kisiwa chote cha Pate. Aliponiona nimeingia uani na kopo langu, alilitazama kopo, hakunitazama mimi.

"Ni nini hichi?"

"Ni Melo, mama."

"Huku tuna Kabane. Yatosha."

Hata hivyo akanionyesha pa kuupanda, karibu na jiko, upande wa pili wa chanja lake la kutambazia mzabibu. Chanja hilo alilijenga kaka yake, fundi wa vyombo wa Matondoni, kwa mbao nene na misumari ya chombo, na aliyeliona aliuliza litashushwa majini lini. Kabane akatambaa kutoka huku, Melo kutoka kule, na sisi wawili tukagombana hapo katikati kwa miaka mingi ya raha.

Tuligombania kila kitu. Bi Tuma alisema siki ya Melo haina uti wa mgongo, na mwenye kuila atazaa watoto wavivu. Mimi nilisema siki ya Kabane ni ya kung'arishia shaba. Yeye akaja kuonja kachumbari yangu, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaongeza sahani. Mimi nilionja achari yake kwa siri, na Mungu ananijua, ilikuwa tamu mno. Hatukukubaliana hata siku moja na hatukula mbalimbali hata siku moja. Athmani alikaa kati yetu akitafuna kimya, akisifu vyote viwili, na kwa kusifu vyote viwili akagombezwa na pande zote mbili.

Basi ikafika arusi ya Faraji, mdogo wake Athmani. Kukawa na swali: achari ya walima, karamu ya arusi, itiwe siki ya nani? Bi Tuma akasimama uani mikono kiunoni, mtaa mzima ukisikia.

"Yeo nimetoka na maneno. Mtungi wangu, mtungi wake, Mwalimu Shee na wazee waonde. Mwenye kushindwa, mzabibu wake ukatwe uwe kuni."

Nilikuwa kijana, na kijana hajui kunyamaza. Nikasema na waonje, nimekubali. Nilipoingia ndani ndipo nikapiga hesabu. Ningeshindwa, panga lingeingia kwenye kitu pekee cha kwetu kilichokuwa kimebaki, na ningekuwa nimelialika mimi mwenyewe.

Siku ilipokaribia, mtungi wa Kabane ulikuwa umeshanyamaza. Wangu ulikuwa bado unanong'ona. Nilikuwa nikiutoa juani, nikiurudisha kivulini, nikiuzungumzisha, nikiusomea. Athmani alinikuta nimeukumbatia nalia. Akauliza, "Wahitajini tu huu mtungi?" Nikamwambia kwa ujinga wangu, "Ukali kidogo tu." Akatoka.

Siku yenyewe waliketi uani Mwalimu Shee na wazee wawili, na watu wote ambao hawakualikwa. Wa kwanza kupimwa nikawa mimi. Mzee mmoja akanusa mtungi wa Melo akasema, "Huu una shaka. Nani awezao kuonda kitu chenye shaka?"

Watu wakatazamana. Kisha vichwa vyote, kwa mpigo mmoja, vikamgeukia Mwalimu Mutua. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, Mkristo pekee kijijini wakati ule, na alikuwa amekuja kuangalia tu kama wengine. Alipoona anavyotazamwa alisimama, akashika kofia yake.

"Nini?"

"Mwalimu," akasema yule mzee kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tena kwake, "wewe kwenu hakuna neno. Tuondee kijiko kimoya, utwambie ni siki au si siki."

"Wazee wangu, mimi nimeokoka," akasema Mwalimu Mutua. "Hiyo kitu siwezi kuweka kwa mdomo. Kanisani kwetu hata soda ya rangi hiyo inaangaliwa vibaya."

Watu walivunjika moyo wazi wazi. Tulikuwa na Mkristo mmoja tu na tukapewa yule mkali kuliko sisi. Mwalimu Shee alimtazama kwa heshima mpya, akamsogezea mkeka.

Tukarudi kwenye jiwe la tumbawe. Nikachota tone kwa kijiti, nikaliangusha. Jiwe likachemka! Povu likapanda kwa hasira, likatoa sauti, watoto wakapiga kelele. Hata mimi nilishtuka, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimetega sikio na kusikia mtungi unanong'ona. Lakini nilitaka kushinda, na mtu anayetaka kushinda humwamini shahidi anayemfaa. Mwalimu Shee akakunja mkono wa kanzu, akachota kijiko kimoja.

"Bismillahi," akasema.

Hapo Bi Tuma, aliyekuwa amesimama kando akimtazama Athmani kwa jicho la ajabu, akasema kwa sauti, "Nami kiti changu ki wapi?" Akageuka kukitafuta. Hakugeuka kichwa wala mabega. Aligeuka nyonga. Nyonga ikaukuta mtungi wangu ubavuni, mtungi ukaondoka pale ulipokuwa, ukaruka kidogo, nami naapa uliruka, ukapasuka kwenye ngazi ya jiko.

Melo wangu akamwagika uani mzima. Mwalimu Shee alibaki na kijiko hewani na miguu juu ya kiti kuilinda kanzu yake. Mimi nilipiga ukelele nisioujua kuwa ninao. Na kabla mtu hajasema neno, wakaja kuku.

Wale kuku wa Bi Tuma walikuwa hawakatazwi kitu. Waliingia kwenye yale makapi ya zabibu wakala kama wamealikwa. Baada ya muda, tukiwa bado tunabishana, mtetea mmoja akajaribu kupanda ukingo wa jiko, akaukosa, akalala hapo hapo na kuonekana ameridhika. Wengine wakawa wanatembea kwa upande. Jogoo akasimama juu ya kigae cha mtungi wangu, akanyoosha shingo, akawika alfajiri yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa karibu na Alasiri. Kisha akaanguka chali.

Kila mtu alielewa. Mtungi ulikuwa ulevi bado, na kijiko cha Mwalimu Shee kilikuwa kimebakisha shibiri moja kukifikia kinywa chake. Mwalimu akakitazama kile kijiko, akakiweka chini taratibu. Mzee wa pili, mtu wa kujali mambo, akauliza, "Na kuku hawa, Mwalimu, walika?" Mwalimu akasema wafungiwe, walishwe chakula safi mpaka wazindukane, na jogoo asiadhibiwe kwa kuwika.

Bi Tuma akasema, "Mtungi nimevunda mimi. Alovunda ndiye aloshindwa." Akaingia ndani, akatoka na panga. Akaenda kwenye mzabibu wake wa Kabane, mbele ya watu wote, akaukata. Tawi kwa tawi. Hakubakisha jani. Alibakisha gogo tupu lenye vidole vifupi viwili vitatu, baya kutazama. Wanawake walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimenunua hasira kwa jumla, nikasema moyoni, afadhali. Amenivunjia mtungi, amenifanya nichekwe na kijiji kizima, na ajikatie.

Achari ya walima ilitiwa siki ya Kabane, maana hapakuwa na nyingine. Niliila nimenuna. Niliongeza mara mbili nikiwa nimenuna.

Sikumsemesha mavyaa wangu mwezi mzima na kitu. Nilizungumza na kuku ili yeye asikie. Yeye hakujali hata kidogo, alikwenda kila asubuhi kulitazama gogo lake, akalimwagilia, akarudi akiimba. Nilidhani huzuni imemwathiri.

Siku moja nikapita pale nikaona gogo limechipua. Kila kidole kimetoa machipukizi, na kila chipukizi lina kishada kichanga. Ule msimu Kabane alikuja kuzaa mpaka chanja la fundi wa Matondoni likalia. Melo wangu, ambao sikuwahi kuukata hata kijiti kwa kuuonea huruma, ulikuwa umejaa majani ya kupendeza na vishada vya kuhesabika.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama," nikasema, "ulijua?"

Bi Tuma akacheka mpaka nyonga ikacheka. "Mzabibu usiokatwa hauzai, mwanangu. Nti hii ina joto, ukiuwata wajilalia tu. Kabane wangu ulikuwa wakati wake wa kukatwa. Kwani uliniona nikiulilia?"

Yaani aliikubali adhabu ambayo alikuwa keshaipanga kuifanya Ijumaa. Hakupoteza hata jani lisilostahili kupotea. Nilitaka kukasirika upya, lakini akanishika mkono, akaacha kucheka.

"Na mtungi nalivunda kwa sababu. Siki haisaidiwi. Wajua hivyo?"

"Najua. Sikuutia kitu."

"Najua hukutia. Hebu kanuse mkono wa kulia wa kanzu ya mumeo, ile alovaa siku ile."

Kanzu ilikuwa imetundikwa, haijafuliwa tangu siku ile kwa sababu ya uvivu ambao sitaki kuueleza. Nikanusa mkono wa kulia. Kabane! Ukali ule ule, ukakasi ule ule mpaka puani. Nikamwita Athmani. Alipoona nimeishika ile kanzu akawa mwekundu kama zabibu yenyewe. Alikuwa ameteka upawa mzima wa siki ya mamake akaumimina kwenye mtungi wangu asubuhi ile, kwa sababu nilimwambia unahitaji ukali kidogo tu. Ndiyo maana jiwe lilichemka. Alinionea huruma. Alitaka mzabibu wa kwetu usikatwe.

Bi Tuma alimwona anatoka jikoni amelowa mkono. Angesema pale pale mbele ya wazee, angeshinda. Mtungi wangu ungekuwa umeharibika kwa ushahidi, mzabibu wangu ungekatwa na mtu asiyejua kuukata, na mimi bi arusi wa mjini ningeitwa mwanamke aliyetaka kumlisha Mwalimu haramu. Nani angeamini kuwa sikumtuma mume wangu? Basi alichagua aitwe yeye mzee asiyetazama nyuma. Nililia begani mwake, na kwa upana wa bega lile palikuwa na nafasi ya kulia watu wawili, Athmani naye akaja.

Tangu siku ile alinifundisha kazi yote. Kukata mzabibu bila huruma. Kutomwagilia kabla ya kuvuna, maana tunda la maji mengi linatoa siki ya maji. Kuzikamua Kabane kwa mikono, si kwa mwiko, kokwa zisivunjike zikaleta uchungu. Na mwisho kabisa, kumtazama mume wako mitungi inapokaribia kuiva.

Sasa Salma. Salma ni fundi, nasema hadharani. Ana kipimo cha kutumbukiza kinachoonyesha namba, ana vitambaa safi vya kufunikia, ana picha za chupa zake kwenye simu, na watu ninaowajua na nisiowajua wanamwandikia. Mkono wake kwa Melo ni mwepesi kuliko wangu. Jumatatu iliyopita alikuja mpishi wa hoteli moja ya Shela, kijana Mwislamu wa Malindi, kuonja. Akipenda, atachukua siki ya Salma mwaka mzima. Salma hakulala kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa ameukumbatia mtungi, nikamwona, na Swaleh wangu naye alimwona. Swaleh ana moyo wa babake. Mengine niliyachungulia dirishani asubuhi ile, na sitayasema.

Mpishi akaketi. Salma akaangusha tone, jiwe likachemka vizuri sana. Nami nilikuwa nimetega sikio kwenye mtungi alipokwenda kuchukua vijiko, na mtungi ulikuwa unanong'ona. Nilijaribu adabu kwanza. Nilikohoa. Nikasema, "Salma, mtungi huu haujanyamaza." Akasema, "Mama, kipimo kimeshasema." Nikakohoa tena, mpishi akaniuliza kama nimekunywa dawa. Akashika kijiko. Akasema bismillahi.

Nikasema, "Na kiti changu ki wapi?" Nikageuka. Nyonga yangu, alhamdulillahi, imefika pale ilipofika ile ya Bi Tuma.

Mpishi amesema atarudi mtungi wa pili ukiiva, na wa pili nimeutegea sikio leo asubuhi: uko kimya kama kaburi. Kesho nitaukata mzabibu wangu mbele ya watu kwa aibu yangu kubwa. Atakayetaka kulia na alie, ni wakati wake wa kukatwa.

Nawe Salma mwanangu, mimi sitaji mtu. Nasema tu kwamba lile shati la Swaleh la Jumatatu bado limo kwenye kapu la nguo chafu. Kabla hujalifua, linuse mkono wa kulia. Kisha chai yangu niletee na sukari.